Kushuka Mto wa Porini kwa Boti ya Mpira Bila Papara: Mwongozo Kamili

Karibu kila anayenieleza kwamba safari yake ya mto ilimshinda, tatizo lake lilianza kwenye karatasi, kabla boti haijagusa maji. Alipima umbali wa ramani kwa rula, akaugawa kwa siku alizo nazo, akapata kilomita 35 kwa siku, akaona mbona ni kidogo. Siku ya pili upepo unamkaba. Saa kumi na mbili jioni bado yuko majini anatafuta pa kulala, na viboko nao ndiyo kwanza wanatoka kwenda malishoni.

Mwongozo huu ni wa mito mikubwa na ya taratibu ya Afrika Mashariki na Kusini, yenye viboko, mamba na tembo, kwa boti ya mpira inayovutwa kwa makasia, watu wanne hadi sita, siku nne au tano. Ugumu wa maji ya mto hupimwa kwa daraja la 1 hadi la 6. Yaliyomo humu yanatosha daraja la 1 na la 2 jepesi. Kama njia yako ina kipande cha daraja la 3, anzia chini yake au tafuta mafunzo mengine.

Na kama hujawahi kupita viboko, safari ya kwanza nenda na mwongozaji mwenye leseni anayeujua mto huohuo. Maandishi haya yatakusaidia kuelewa anachofanya. Hayachukui nafasi yake.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya yote

- Boti ya mpira yenye chemba kadhaa, urefu wa mita 4 hadi 5. Chemba moja ikitoboka, zilizobaki zinaendelea kuibeba.
- Makasia mawili na la tatu la akiba, limefungwa mahali unapoweza kulifikia kwa mkono mmoja. Kasia la akiba lililo chini ya mizigo ni kuni tu.
- Pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia boti, la mita 3 hivi. Litapima kina, litakunasua mchangani, litatumika hata kuchotea maji. Watu wengi huliacha nyumbani, kisha siku nzima wanalikumbuka.
- Jaketi okozi kwa kila mtu, la saizi yake, lenye mikanda. Jaribu hivi: lifunge, mwenzako akuinue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au limelegea.
- Pampu, viraka, gundi, na kata au ndoo ndogo ya kufulia maji.
- Kamba mbili za mita 20 za kufungia boti, kamba ya kurushia aliyeanguka, na kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja.
- Mifuko isiyopitisha maji. Nguo na matandiko, chakula, dawa na vyombo vya umeme viwe katika mifuko tofauti.
- Hema linalofungwa kwa zipu pande zote, lenye sakafu iliyoshonewa, na tochi ya kichwani kwa kila mtu.
- Ndoo mbili za maji, sufuria, chujio la kitambaa, sanduku la huduma ya kwanza na dawa za malaria kadiri daktari atakavyokushauri.
- Kifaa cha mawasiliano ya setilaiti. Usitegemee mtandao wa simu porini.

Matunda yenye harufu kali, hasa machungwa, yaache. Tembo huinusa harufu hiyo toka mbali, na kitambaa cha hema si ukuta.

## Hatua ya 1: Pima mto wenyewe

Chukua uzi, ulaze juu ya ramani ukifuata kila kona ya mto, kisha unyooshe na upime. Mto unaojipinda sana huwa na urefu wa mara moja na nusu ya umbali wa moja kwa moja, au zaidi. Zile kilomita 35 za rula zinaweza kumaanisha zaidi ya 50 za maji.

Halafu pima mwendo. Ukifika ukingoni, chagua alama mbili zilizoachana mita 20, tupa kijiti katikati ya mkondo na uhesabu sekunde. Gawanya 20 kwa sekunde hizo, kisha zidisha kwa 3.6, upate kilomita kwa saa. Kijiti kikitumia sekunde 25, mto unakwenda karibu kilomita 3 kwa saa. Saa tano za kuelea ni kilomita 15, na hapo hujatoa upepo. Boti ya mpira imekaa juu ya maji kama kibuyu, kwa hiyo upepo wa mbele unaweza kuisimamisha kabisa hata mkondo ukiwa unaisukuma.

Panga kilomita 12 hadi 15 kwa siku, na siku moja nzima ya akiba ambayo haina kilomita hata moja. Ondoka saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa limeshatoka na viboko wamesharudi majini. Kufikia saa tisa alasiri uwe umeshatua, mvua inyeshe au jua liwake. Karibu na ikweta giza halibishi hodi. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu, nusu saa baadaye huoni kitu.

Umefaulu hatua hii ukiitazama ratiba ukaona aibu kidogo kwa jinsi ilivyo fupi.

## Hatua ya 2: Vibali, bwawa na mtu wa nchi kavu

Sheria hutofautiana kati ya hifadhi na hifadhi: nyingine hazikuruhusu kulala visiwani, nyingine zinadai askari wa wanyamapori mwenye silaha aambatane nawe. Uliza kabla ya kulipa chochote.

Uliza pia kama juu ya mto kuna bwawa la umeme. Milango ikifunguliwa, maji yanaweza kupanda usiku chini ya anga lisilo na wingu, na fungu la mchanga ulilolalia likatoweka. Karibu kila mtu husahau swali hili, nami nalirudia kila ninapopata nafasi.

Mwachie mtu mmoja ratiba iliyoandikwa: kituo cha kila usiku, siku ya kutoka, na saa ambayo asiposikia kutoka kwako aanze kupiga simu, na ampigie nani.

## Hatua ya 3: Jaza upepo na upakie

Jaza chemba kwa zamu, kidogo kidogo, ili kuta za ndani zisivutwe upande mmoja. Bonyeza kwa dole gumba: mpira ubonyee kidogo na kurudi. Boti ikiingia kwenye maji ya baridi upepo hunywea, kwa hiyo ongeza baada ya dakika kumi. Mchana mkiivuta juani kwa mapumziko, fanya kinyume chake, yaani punguza upepo. Joto huutanua, na mishono ya boti iliyojaa pomoni inaweza kuachia huku nyinyi mnakunywa chai.

Mizigo mizito iwe chini na katikati. Omo (mbele ya boti) ikizidi uzito, boti itakwama kwenye kila fungu la mchanga, na tezi (nyuma yake) ikizidi haitageuka. Funga kila kitu kana kwamba boti itapinduka, kwa sababu siku itakapopinduka hutapata muda wa kufunga.

Onyo: usiache kamba ndefu zikining'inia, na usijifunge kamba mwilini kwa sababu yoyote ile. Mguu ukinaswa na kamba chini ya maji, jaketi halitakuokoa.

## Hatua ya 4: Jifunzeni kuvuta kabla ya kuondoka

Tumieni nusu saa kwenye maji yaliyotulia, mahali mlipokwisha kukagua. Mvuta makasia hukaa akitazama mbele, mto unakokwenda. Kosa la wageni ni kusukuma makasia ili kuikimbia hatari, na matokeo yake wanaifikia haraka zaidi.

Fanya hivi: elekeza omo kwenye hatari, boti ikae mshazari kama nyuzi 45 dhidi ya mkondo, kisha *vuta*. Kuvuta kuna nguvu ya mgongo na miguu, kunapunguza mwendo wa boti na kuisogeza pembeni kwa wakati mmoja. Muda ndicho kitu unachouhitaji kuliko vyote.

Fanyeni pia zoezi la kumrudisha aliyeanguka. Mshike mabega ya jaketi, uso wake ukiwaelekea, piga magoti, kisha jitupe kinyumenyume naye aje juu yako. Haipendezi kutazama, lakini inachukua sekunde chache, na kwenye mto wenye mamba hamna muda wa kupendeza.

Umefaulu ukiweza kuvuka mto toka ukingo hadi ukingo bila kushuka zaidi ya upana wake.

## Hatua ya 5: Soma maji

Kwenye kona, maji ya kasi na kina kirefu huwa upande wa nje, na mchanga hujilaza upande wa ndani. Maji laini yenye weusi ni kilindi. Maji yanayotetemeka kwa viwimbi vidogo vingi yanapita juu ya mchanga, na boti yako itakwama hapo. Ukiona umbo kama ncha ya mshale inayoelekea mto unakotoka, chini yake kuna mwamba au gogo. Ncha ikielekea mto unakokwenda, hapo pana njia kati ya vizuizi viwili.

Cha kuogopa zaidi ni mti ulioanguka majini. Maji hupita kwenye matawi kama kwenye chujio, wewe na boti hampiti. Miti hiyo hupenda upande wa nje wa kona, pale ukingo unapomomonyolewa, kwa hiyo anza kuvuta kuelekea ndani kabla kona haijaanza. Mkigota kwenye mti au mwamba, wote rukieni upande ulioegemea kizuizi. Mwili utakutaka ukimbilie upande wa pili. Ukiutii, maji yatapanda juu ya ubavu uliobaki bila uzito na kuipindua boti.

Mkikwama mchangani, kaeni ndani kwanza. Hamisheni uzito, yumbisheni boti, sukumeni kwa pondo. Kushuka ni hatua ya mwisho, na ni pale tu mnapoona chini na pondo limepima pande zote.

## Hatua ya 6: Kupita viboko

Hapa ndipo uende polepole kuliko mahali pengine pote, hata kwenye kusoma.

Kiboko mzima huwa na uzito unaopita kilo 1,000, na dume mkubwa hupita 1,500 bila shida. Hukaa chini ya maji kama dakika tano kwa pumzi moja, na haogelei kama unavyodhani, bali hutembea na kuruka chini ya mto. Mchana hulinda sehemu yake ya maji. Akitishwa, anakimbilia kilindini, na chochote kilicho kati yake na kilindi hicho atakipitia. Mengi ya yafuatayo yametoka kwenye ukweli huo mmoja.

Simama mapema. Ukiona vichwa, au ukisikia ule mngurumo kama wa mzee anayecheka tumboni, vuta kuelekea ukingoni ukiwa bado mita 100 au zaidi juu yao. Shikilia hapo.

Hesabu, kisha subiri. Gonga ubavu wa fremu inayoshikilia makasia kwa kasia, kok kok kok, ili walio chini waibuke na kukutazama. Hutaki kumshtua aliyelala. Hesabu vichwa kwa dakika tano hadi kumi. Ulioanza nao watatu watakuwa saba.

Tafuta kilindi chao kiko wapi. Kikishajulikana, waachie. Wewe pita upande wa maji mafupi, karibu na ukingo, ukigonga taratibu, hakuna anayepiga kelele, hakuna anayesimama kupiga picha.

Wakiwa wanaota jua mchangani, kanuni inageuka. Sasa maji mafupi ni barabara yao ya kukimbilia kilindini. Usipite kati yao na kilindi kamwe. Subiri juu ya mto hadi waingie wenyewe, au kama mto ni mpana sana, pita ukingo wa pili kabisa.

Pakikosekana nafasi, tua. Keti, pika chai, ngoja. Saa moja ikipita, mara nyingi kundi huwa limesogea. Ile siku ya akiba ya Hatua ya 1 ndiyo inayokuruhusu kungoja bila kuangalia saa. Niliyemwona akilazimisha njia alikuwa na gari linalomsubiri kilomita 40 mbele.

Dalili za kurudi nyuma: kiboko anapanua kinywa akikuelekea (si usingizi huo), anazamisha kichwa kwa kishindo, au unaona mkunjo wa maji au mstari wa mapovu unaokuja kwenu. Hapo vuta kwa nguvu zote kuelekea maji mafupi na ukingo ulio karibu, mbali na kilindi. Mwangalie sana aliye peke yake, na mama mwenye ndama.

Umefaulu wakigeuza vichwa kuwafuata kwa macho, kisha wakaendelea na shughuli zao.

## Hatua ya 7: Mamba na ukingo wa maji

Mamba anayeota jua akiwa ameachama hakutishi, anasawazisha joto la mwili wake. Utakayemwogopa ni yule usiyemwona, na mahali pake ni pale maji yanapokutana na nchi kavu.

Mikono na miguu ikae ndani ya boti. Maji yachotwe kwa ndoo iliyofungwa kwenye pondo, mchotaji akisimama nyuma ya ukingo, na pahala pa kuchotea pabadilishwe. Ukienda mahali palepale, saa ileile, siku mbili mfululizo, umempa ratiba. Utumbo wa samaki usitupwe karibu na kambi. Kuoga ni kwa ndoo, juu mchangani. Watu hulalamika kwamba wamesafiri mbali hivyo wasiogelee. Ndiyo, wasiogelee.

## Hatua ya 8: Kuelea na kutazama

Haya ndiyo mliyoyafuata. Mkiwa sehemu pana isiyo na miti wala viboko mbele, inueni makasia na nyamazeni. Boti inayoelea bila mtu kutikisika huwasogelea wanyama kuliko gari lolote. Kuro watainua vichwa na kurudi kunywa, na furukombe atawaita juu ya mti bila kuruka.

Tembo wakivuka, simameni juu ya mto hadi wa mwisho apande ukingo, kwa maana ndama huwa katikati na mama huhesabu. Keremkerem hutoboa viota kwenye kuta za ukingo, mamia pamoja. Tazameni mkipita, msitue chini yao, ukuta humomonyoka. Wakati wa kiangazi ndege wengine hutaga juu ya mchanga mtupu, na mayai yana rangi ya mchanga, kwa hiyo ndege akiwazungukia kwa kelele kila mnapokanyaga, rudini botini mkatafute fungu lingine.

## Hatua ya 9: Kutua na kulala

Kabla ya kushuka, pigeni kelele na kusubiri. Nyati na simba hupumzika kwenye matete na vivuli, na wengi wao wataondoka wenyewe wakipewa nafasi. Kisha mmoja akague kwa macho kabla wengine hawajafuata.

Tafuta mchanga ulio wazi, juu ya maji kwa mita 2 hivi. Njia ya kiboko utaitambua kwa mifereji miwili inayokwenda sambamba, yenye tuta au nyasi katikati, ikipanda toka majini. Kaa mbali nayo: usiku atatoka kwa njia hiyo, alfajiri atarudi kwa hiyohiyo, na hatazunguka hema. Usilale chini ya mvungunya pia. Tunda lake ni zito kama jiwe la kusagia na haliulizi nani yuko chini.

Pandisheni boti nzima nchi kavu, ifungwe sehemu mbili tofauti. Chomeka kijiti ukingoni usawa wa maji. Ukiamka na kukikuta kimezama, mto unapanda na mnahama. Chakula kifungwe sandukuni, nje ya mahema. Giza likiingia, zipu ifungwe na ibaki imefungwa, haja ndogo iwe na chupa yake humo ndani.

## Hatua ya 10: Maji ya kunywa na choo

Acha maji yatulie kwenye ndoo usiku kucha, yamimine taratibu kupitia kitambaa, kisha yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja nzima (tatu, ukiwa juu ya mita 2,000). Vidonge vya klorini havifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope, ndiyo maana kutuliza kunatangulia.

Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 toka majini, mchana, watu wawili wakienda pamoja. Pale hifadhi inapotaka kinyesi kibebwe, kinabebwa.

## Hatua ya 11: Siku ya kutoka

Fikeni asubuhi. Osheni boti mchanga wote, hasa kwenye mikunjo na vali, na ikauke kabla ya kukunjwa, maana mchanga husaga mpira na unyevu huozesha gundi. Mpigie yule mtu wa nchi kavu kabla ya kumpigia mwingine yeyote.

Kichocho kinaishi kwenye maji haya, na konokono wake hupenda kingo zilizotulia zenye majani. Hata kama uliloweka miguu tu, tia alama kwenye kalenda: miezi mitatu baada ya safari nenda kapime. Homa ikikupata kabla ya hapo, hata wiki kadhaa baadaye, pima malaria siku hiyohiyo na umwambie daktari ulikuwa mtoni.